Futikamba ya elfu moja na mizani ya elfu hamsini na tano

Nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga, tangu mwaka 1994. Futikamba inakaa shingoni mwangu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kwa hiyo ninapoitathmini nakizungumzia kitu ninachokijua. Mizani ndiyo mgeni. Niliinunua Machi 2024 kwa shilingi 55,000 kwenye duka moja la vifaa vya umeme, baada ya muuzaji kuniapia kwamba "hii, mama, inapima mpaka moyo". Futi ilikuwa shilingi 1,000. Vyote viwili nimevitumia mwaka mzima, na nataka wanawake wa rika langu, pamoja na waume zao, wajue kipi kiliniambia ukweli.

Mizani yenyewe ni nzuri kwa macho. Kioo cheusi, miguu minne ya mpira, vibati vinne vya fedha pale unapokanyaga. Unapanda pekupeku, kilo zinatokea, halafu programu ya kwenye simu inakutolea orodha ndefu: mafuta ya mwili, misuli, maji, mafuta ya tumbo, hadi umri wa mwili. Asubuhi ya kwanza ilinipa kilo 62.1. Urefu wangu ni sm 158, ikapiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ikapata 24.9, ikaniwekea rangi ya kijani na neno "kawaida". Nilifurahi sana. Nilikuwa na miaka 56, na kadi yangu ya uzazi wa mpango ya mwaka 2002 imeandikwa kilo 60. Miaka ishirini na mbili na kilo mbili tu! Nikamwonyesha mume wangu, nikampigia dada yangu Muheza.

Wiki tatu baadaye ilikuja kambi ya upimaji wa bure, tukapanga foleni chini ya maturubai. Presha yangu ikasoma 158 kwa 96. Nikakalishwa, nikapumzika, wakapima tena, na tena mkono wa pili. Haikushuka kitu cha maana. Nikamwambia daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, kwamba uzito wangu ni wa kawaida, mizani imesema. Hakubishana na mimi. Alichukua futi, ile ile tunayoitumia sisi mafundi, akaniomba ruhusa, akaniambia nipumue nje taratibu, akanizungushia. Sm 89. Akasema: "Mama, kilo zako hazina tatizo. Tatizo limekaa hapa."

Mimi! Mtu niliyepima viuno vya nusu ya Ngamiani, sijawahi hata siku moja kupima changu tangu nilipojishonea gauni la harusi ya mdogo wangu.

Nilipofika nyumbani nikatoa daftari la zamani. Kila mteja ana ukurasa wake, na mimi nina wangu, wa mwaka huo huo wa 2002: kiuno inchi 29, nyonga 40, paja 23, mkono wa juu 11. Nikajipima mbele ya kioo. Kiuno 35. Nyonga 39 na nusu. Paja 21. Mkono 10 na nusu. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikaziangalia zile safu mbili kwa muda mrefu. Kilo ni karibu zile zile, lakini mwili ni mwingine kabisa. Mapaja yamepungua, mikono imepungua, makalio yamepungua, na vyote vilivyotoka huko vimehamia tumboni.

Mpwa wangu anasomea uuguzi, ndiye aliyenifungulia jambo hili. Misuli huanza kupungua polepole tangu mtu akiwa kwenye miaka ya thelathini, na kadiri anavyozeeka ndivyo inavyopungua kwa kasi zaidi, hasa asipoitumia. Mafuta nayo yanaongezeka. Mizani inajumlisha tu: kilo mbili za misuli zikiondoka na kilo mbili za mafuta zikaingia, kwake hakuna kilichotokea. Kwetu wanawake kuna lingine. Hedhi ikikoma, homoni ya kike inashuka, na mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga na mapaja yanaanza kujaa tumboni kama ya wanaume. Ndiyo maana mwanamke huwa na kinga fulani ya moyo ujanani, na kinga hiyo humtoka taratibu hedhi inapokoma.

Na mafuta ya tumbo si kama ya mapaja. Yapo yale unayoweza kuyashika kwa vidole, chini ya ngozi. Yapo mengine ya ndani kabisa, yanayozunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo mabaya. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inashindwa kufanya kazi yake sawasawa, sukari inapanda, mafuta ya kwenye damu yanachafuka, presha inapanda, na mishipa ya moyo inaziba taratibu. Daktari mmoja Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, aliliandika hili tangu mwaka 1947: kwamba mahali mafuta yalipokaa kuna maana kuliko wingi wake. Mwaka 2004 ukatoka utafiti mkubwa unaoitwa INTERHEART, uliofanyika kwenye nchi 52, Afrika ikiwemo. Waliwalinganisha watu waliopata shambulio la moyo na wasiopata, na baadaye wakaonyesha kwamba kiuno kikigawanywa kwa nyonga kinatabiri shambulio vizuri kuliko BMI. Mwanamke asizidi 0.85, mwanaume asizidi 0.90. Mimi mwaka 2002 nilikuwa 0.73. Sasa nilikuwa 0.89.

Basi nikarudi kwenye mizani, maana nilikuwa nimeilipia fedha nyingi na ilikuwa imeniambia mafuta yangu ya tumbo ni "salama". Nilitaka kujua imeyaonaje. Nikaifanyia majaribio siku tatu.

Asubuhi ya kwanza nilipima nikiwa mkavu, sijanywa kitu: mafuta asilimia 33. Nikanywa glasi mbili za maji, nikaoga, nikapanda miguu ikiwa bado na unyevu: asilimia 30. Hakuna binadamu anayepoteza mafuta yote hayo kwa kuoga. Asubuhi ya pili niliiweka juu ya mkeka badala ya sakafu ya saruji, ikanipunguzia kilo nzima. Asubuhi ya tatu nikaingia kwenye simu, nikabadilisha umri wangu kutoka 56 kuwa 36, nikapanda tena palepale, mwili ule ule, dakika ile ile. Mafuta yakashuka, na mafuta ya tumbo nayo yakashuka.

Hapo nikaelewa. Kile kioo kinapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na umeme hupita vizuri kwenye maji na misuli kuliko kwenye mafuta. Lakini njia yake kubwa ni kupanda mguu wa kulia na kushuka wa kushoto. Tumboni haufiki vya kutosha. Hiyo namba ya tumbo inakisiwa kwa hesabu, kwa kuangalia umri, urefu na jinsia uliyojaza mwenyewe kwenye simu. Na moyo haiupimi kabisa. Nilirudi dukani kumweleza muuzaji, akanijibu kwamba wateja wote wanaipenda. Sikudai fedha zangu. Nilichomwomba ni aache kuwaambia watu neno "moyo", kwa sababu mtu mwenye presha anaweza kurudi nyumbani na kijani chake akaacha kwenda kupima. Naomba pia niseme hili kwa uzito: mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kusaidia mapigo ya moyo asipande mizani ya aina hii, na muuzaji hakuniuliza swali hilo.

Zipo zahanati ambazo kwa miaka yote niliyokwenda zilinipandisha kwenye mizani, zikaandika kilo, zikanirudisha nyumbani. Futi ilikuwa mezani. Sizitaji, lakini nawaomba wahudumu: zungusheni ile futi, haichukui hata dakika moja.

Sasa futikamba. Mnunue vizuri, kwa sababu na zenyewe zinatofautiana. Niliyoinunua kwa ajili ya tathmini hii ni ya njano, sm 150, ya plastiki yenye nyuzi ngumu ndani, imefungwa bati ncha zote mbili. Niliilaza juu ya mita yangu ya chuma, zikalingana mwanzo hadi mwisho. Nilijaribu na nyingine niliyouziwa na kijana wa kutembeza, laini, inayopinda kama utepe wa zawadi. Baada ya miezi miwili ya kazi, sm 100 yake ilifika 102 kwenye chuma. Futi ikivutika inasoma pungufu. Mwanamke mwenye kiuno cha 90 ataambiwa ana 88 na atafurahi bure. Kabla hujalipa angalia pia pande zake mbili: inchi 40 inatakiwa ikae kwenye sm 101 na nusu hivi. Ikiwa imekaa kwenye 100 kamili, iache hapo hapo. Kuna ile ya duara inayojirudisha yenyewe, inauzwa duka la dawa kwa 8,000. Sikuipenda, ina mvuto mkali, inazama kwenye nyama na kukupunguzia sentimita moja hadi mbili. Futi inatakiwa iguse ngozi, isiibane.

Mahali pa kupima ndipo wengi wanapokosea. Kiuno cha fundi na kiuno cha daktari si kimoja. Mimi nikishona sketi napima pale inapofungwa. Kwa ajili ya moyo, tafuta kwa kidole mbavu ya mwisho ubavuni, kisha tafuta mfupa wa juu wa nyonga, upime katikati ya hivyo viwili, futi ikiwa sambamba na sakafu mbele na nyuma. Vua nguo au inua blauzi. Usiwe umetoka kula. Na usivute tumbo ndani. Wateja wote huvuta tumbo, hata bibi wa miaka sabini, wakiona tu futi. Dawa yangu ya siku zote ni kuwauliza swali: "Mjukuu hajambo?" Wanapojibu pumzi inatoka, tumbo linarudi mahali pake, nami nasoma. Mjaribu hivyo hivyo mnapopimana nyumbani.

Kwa wanaume neno moja. Saizi ya suruali si kiuno. Ninaye mteja amevaa 36 tangu nimfahamu, anajisifu kwamba hajabadilika. Kilichobadilika ni mkanda: kila mwaka unashuka chini zaidi, sasa unafungwa chini ya kitambi. Nilimpima juu ya mkanda nikapata inchi 43. Yeye hakujua.

Namba zenyewe ni hizi. Shirika la Afya Duniani linaweka hatari kuanza mwanaume akizidi sm 94, ambayo ni inchi 37, na kuwa kubwa akizidi 102, inchi 40. Mwanamke ni kuanzia 80, na kuwa kubwa akizidi 88, karibu inchi 35. Kwa wenye asili ya Kihindi, nami ninao wateja wengi wa asili hiyo hapa mjini, kipimo cha wanaume kinashushwa hadi 90. Na kama namba zinakusumbua kichwa, ipo njia inayoshauriwa Uingereza na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya, tangu mwaka 2022: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Hii naifanya kwa uzi. Nakata uzi wa urefu wa mteja, kutoka utosini hadi kisiginoni, naukunja mara mbili, namzungushia kiunoni. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, tunazungumza. Nusu ya urefu wangu ni 79. Siku ile uzi uliniacha wazi sm 10, upana wa kiganja changu.

Nimepitia kurasa za wateja wangu wa zamani, wale niliowashonea zaidi ya miaka kumi na tano. Wengi wanafuata njia ile ile: kiuno kinapanda inchi moja, mbili, nne, na nyonga inabaki au inapungua. Fundi analijua hili mikononi bila kuambiwa. Sketi inabana mbele na kupwaya nyuma. Ndiyo maana gauni la mtu mzima huliachia kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, nikijua atarudi kufumuliwa. Kuna mama mmoja alirudi kila Idi kwa miaka sita. Mwembamba wa miguu na mikono, watu wakimwambia amenawiri. Kila mwaka nilifumua, nikaachia, nikashona. Mwaka wa saba kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha, tukaongeza kipande. Alifariki mwaka 2019, moyo, usingizini, akiwa na miaka 61. Sijui kama kiuno ndicho kilichomwondoa. Mtu anakuwa na mengi. Lakini niliona namba zikipanda kwa mwandiko wangu mwenyewe na sikujua kwamba zina cha kusema.

Na nguo zetu hazituambii. Dira halimbani mtu. Kanga unaifunga popote, msuli hivyo hivyo, kanzu ndiyo kabisa. Mtu anaweza kuongeza inchi sita bila kifungo kimoja kumkatalia. Mkaja nao, na hii mikanda mipya ya mpira wanayouza siku hizi, unabana kwa nje tu. Mafuta yaliyoko kwenye ini hayasikii mkanda.

Nisiidhulumu mizani, kwa sababu imekuja kupata kazi yake ndani ya nyumba hii, na kazi hiyo ni kubwa.

Mama yangu ana miaka 81, tunaishi naye. Moyo wake umechoka, hausukumi damu vizuri, anatumia dawa za kutoa maji. Muuguzi wake alitufundisha kumpima kila asubuhi, akitoka chooni, kabla ya chai, akiwa na kanga ile ile, kisha kuandika. Kwa mgonjwa kama yeye, kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu si unene, ni maji yanayojaa. Mwezi wa Novemba ilikuwa 49.2, siku ya pili 50.1, siku ya tatu 51.6. Miguu ilikuwa bado haijavimba ya kuonekana, yeye mwenyewe anasema hajambo. Tukamwahi hospitali. Wakarekebisha dawa, na baada ya siku chache akashuka hadi 49 na kitu. Futi isingeniambia hilo.

Tena kwa mzee wa umri wake mambo yanageuka. Zile hesabu za BMI za watu wa umri wangu hazimfai. Mzee mwenye unene kidogo mara nyingi anahimili ugonjwa kuliko mwembamba, na kilo zikipungua bila sababu ni jambo la kumpeleka kwa daktari, si la kumpongeza. Jirani alimwambia, "Bibi, umepungua, umependeza." Nilimwomba asirudie maneno hayo mbele ya mama, maana alianza kukataa uji.

Mimi mwenyewe nilianzishiwa dawa ya presha na ninaimeza kila siku. Nimeacha sukari kwenye chai, mahamri ni ya Ijumaa tu, wali wa nazi nimeupunguza sahani, mbaazi na samaki nimeviongeza. Alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi, siku tano kwa wiki, na jioni nanyanyua marobota ya vitenge nikiwa nimesimama, mara kumi, mara kumi tena, kwa ajili ya hiyo misuli iliyoniondoka. Miezi kumi imepita. Mizani inasema 61.0, yaani kilo moja tu. Kwa kuiangalia yenyewe ningekuwa nimekata tamaa mwezi wa tatu. Futi inasema inchi 33, sm 84. Paja limerudi 21 na nusu. Presha mara ya mwisho ilisoma 136 kwa 84, dawa ikiwemo.

Futikamba ya njano, shilingi 1,000: nyota tano. Badilisha kila mwaka, au ukiiona inalegea. Ile laini ya kutembezwa: nyota moja. Ya duara ya duka la dawa: mbili. Mizani ya kioo: nyota tatu, zote kwa ajili ya kilo, na hakuna hata moja kwa ajili ya zile namba nyingine za kwenye simu. Mwenye fedha kidogo atafute mizani ya kawaida ya 25,000 na aiweke kwenye sakafu ngumu.

Ya kwangu sasa ipo chini ya kitanda cha mama, na daftari lake pembeni. Leo asubuhi 48.9.